Mfalme wa Taa Mbili

Mwanangu Mujinga,

Kutoka mashimo ya Mashamba mpaka ukuta wa bwawa la umeme la Nzilo, na ukitaka ongeza Kasaji na kuku wake wote, hajazaliwa mwanaume anayeujua moyo wa mtu mbaya kuliko mi baba yako. Mapadre wanasikiliza maungamo miaka arobaini na bado hawanifikii. Mi nilimfasiri mfalme aliyeua mji mzima, nikamfasiri kwa sauti mbele ya watu hamsini, kutoka lugha ambayo sikumaliza kujifunza, huku vidole vyangu kumi vinapigana naye vita. Nionyeshe profesa mmoja huko Lubumbashi anayeweza hayo. Ukimpata, mlete. Benchi iko.

Najua umekwisha kukunja uso. Unaukunja tangu una miaka mitatu, kila nikifungua mdomo kujisifu, na mi naendelea tu, kwa sababu uso wako ukikunjwa unafanana na bibi yako, na bibi yako nilimzoea.

Naandika Kiswahili cha shule, kile ambacho mwalimu alitufundisha kwa rula juu ya vidole, maana nikiandika cha kwetu utachukua kalamu ya bic nyekundu. Kikinishinda katikati nitarudi kwa Kiswahili ya Kolwezi, na wewe utanyamaza.

Sasa hivi uko kwa jirani, unasukwa nywele. Kwa vile unavyopenda misuko myembamba, una saa nne za kukaa pale, na mi nina saa nne za kusema ukweli. Kwa mwendo wangu hazitoshi. Kesho asubuhi utapanda basi la Lubumbashi, uende kujifunza ukalimani, yaani kazi yangu mi, ila wewe mwisho watakupa karatasi. Mambo ya sabuni, ya unga, ya kutembea na mkoba umefungwa, mama yako ameyasema mpaka mbuzi wa jirani anayajua kwa moyo. Sitaongeza hata moja.

Langu ni hili. Miaka minne sasa, kila nikikuuliza maana ya neno, unanijibu, "Sijue, Tata." Unajua. Mi najua kwamba unajua. Ulikuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa tangu ulipokuwa mfupi kuliko mkoba wako, halafu mi nikuulize neno la kwenye kopo la maziwa, useme sijue. Sitaki upande basi na hiyo "sijue" ndani ya mkoba. Nitafika pale, nakuahidi. Lakini unanijua: sifiki mahali po pote bila kupitia kwanza kwenye ushindi wangu.

Mi niliacha shule darasa la tano. Watu nawaambia la sita. Wasionijua nawaambia nilifika sekondari, nikaichoka. Hii habari ya kufasiri nisichokijua haikuanza na mfalme. Ilianza nikiwa na miaka kumi na saba, kabla yako, wakati tulikuwa vijana wanne tunachimba madini kwa mikono yetu huko Mashamba. Siku moja tukakuta shimo limezungushiwa waya, na kibao: *Défense d'entrer*. Wenzangu hawakusoma hata kidogo, wakanigeukia mi, msomi wao. Neno *entrer* nililijua: kuingia. *Défense* nililijua pia, kutoka mpira: wale mabeki wa nyuma. Nikakohoa. Nikawaambia, hapa ndipo mabeki wanaingilia, yaani walinzi, na walinzi hawalindi shimo tupu. Sasa wamekwenda kula, twende. Tukaingia tukiimba.

Ardhi ilituachia dakika chache za kuimba. Tulitoka wote wanne, Mungu ni mkubwa, lakini Ilunga alitoka na mguu uliovunjika mahali pawili, na mpaka leo ukimwona anavuka soko anachechemea. Wewe humwita Tata Ilunga, unamsalimu vizuri. Sikuwahi kukuambia kwamba mguu ule ni tafsiri yangu: kibao kilikuwa kinasema, marufuku kuingia.

Ningekuwa na akili ningejifunza pale pale. Nilichojifunza ni kutokwenda tena shimoni. Nikabadilisha baiskeli mbili na redio kwa televisheni na mashine ya michezo, nikapiga mabati, nikapanga benchi za mbao, na salle yetu, ukumbi wa kulipia michezo, ikazaliwa. Wengine walikuwa na mpira tu. Mi nilikuwa na mpira, na nilikuwa na mdomo. Mchezo wa hadithi ukiingia, wenye majoka na panga, maneno yanapita chini ya picha kwa Kifaransa, na mi nayatoa hewani kwa Kiswahili ya hapa, nikibadilisha sauti: jitu linaongea kama mlinzi wa mgodi, mchawi anaongea kama shangazi yako. Watu walikuwa wanapita salle tatu kuja kwangu.

Na siri yangu ilikuwa imekaa juu ya kidumu cha njano, kushoto kwangu, inatafuna karanga. Neno likinishinda, nilikuwa nainamisha kichwa kidogo tu, na wewe unaweka mdomo kwenye sikio langu, unanong'ona. Ile dakika ya kunyamaza, watu walikuwa wanaambiana, tazama, Tata Mujinga, kama wanavyoniita kwa jina lako, anapima neno. Kumbe nasubiri mtoto ameze.

Halafu ukaja ule mchezo wa mji chini ya mlima.

Ukimsimulia mtu huko Lubumbashi, mwanzie hivi: kuna mji ndani ya mlima, una mlango mmoja wa chuma, na nje kuna ukungu wa sumu. Mfalme ameufunga ule mlango, na watu wake wote wameishia ndani, mmoja mmoja, miaka na miaka. Amebaki yeye peke yake. Anatembea kwenye vichochoro na taa mbili mkononi, moja kubwa na moja ndogo, na ye yote anayemkaribia anamkata. Ukitaka mchezo uishe, sharti umpite, ufungue mlango. Na akikuua, unarudi mwanzo kabisa wa vichochoro, kama hukuwahi kutembea.

Siku mfalme alipofungua kinywa mara ya kwanza, wewe ulikuwa umekwenda kwaya. Kidumu kitupu. Picha ikaonyesha kiatu kidogo cha mtoto juu ya ngazi, mfalme akakitazama, na chini yakaandikwa maneno machache: *Ma fille. Je l'ai perdue.* Nikaona bahati imeniangukia. Binti, nalijua. *Perdu*, nalijua, kutoka mpira tena: timu yangu inapoteza kila Jumapili. Nikachukua sauti ya kaburi, nikasema, "Binti yangu. Nilimupoteza."

Salle iliruka. Unajua kwetu mtu akisema amempoteza mwenzake wanaelewa nini: amemmaliza, ameondoa hata alama. Mwanaume aliyempoteza binti yake wa damu. Wamama waliokuja kutafuta watoto wao walikaa chini, wakasahau chakula jikoni. Kuanzia siku ile mfalme akawa adui wa mtaa wetu. Batoto walimchora ukutani kwa makaa. Kijana akimkasirikia baba yake alikuwa anamwita taa mbili. Na mi nikamkuza, nikimwongezea maneno ambayo hata hakuyasema, kwa sababu chuki inajaza benchi kuliko mapenzi.

Miezi kumi na moja tulipigana naye. Mi, bingwa wa salle zote, aliniua mpaka nikazoea. Ilunga, ambaye ana haki ya kunicheka mpaka kufa, alisimama siku moja mbele ya watu wote, akasema, "Tata Mujinga anafasiri maneno ya mufalme, na mufalme anafasiri mugongo yake." Kicheko kile nakisikia hata leo. Nikaapa palepale: Jumamosi inayofuata nampita yule mfalme, ama sifasiri tena neno katika Kolwezi hii. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Ndiyo hivyo mdomo wangu unavyofanya kazi: unakimbia mbele, halafu mi naufuata na viatu mkononi.

Sasa njoo kwenye karanga. Alhamisi mchana, tunamenya karanga nyuma ya nyumba, wewe na miaka kumi na tatu, miguu mirefu kama ya korongo. Ukasema, bila kuinua macho, kwamba yule mfalme hakumuua binti.

Nikacheka. Nikasema mtu mbaya ni mtu mbaya.

Ukasema, "Tata, taa ya kidogo njo ya nani?"

Nikasema ni ya akiba, kubwa ikizimika.

"Basi sababu ya nini anaishika chini, pa kimo ya mutoto?"

Nikatupa ganda. Ukaendelea, na mi nikaendelea kutupa maganda. Ukasema umehesabu viatu vidogo kwenye ngazi, na kila alipo kiatu mfalme anasimama. Ukasema siku ile maneti, kile kishikio cha vitufe, ilipokwama, mtu wetu tunayemchezesha akabaki amechuchumaa, mfalme alimjia, akasimama, akamwinamia na taa, halafu akaenda zake bila kumkata. Sisi tulipiga kelele tukisema mashine imeharibika. Wewe ulisema haikuharibika. Mtu wetu alikuwa mfupi, na mfalme alifikiri ni mtoto wake.

"Anamutafuta, Tata. Hata saa hii."

Nikakuambia maneno yake mwenyewe yameandikwa, nilimupoteza. Na wewe ukaniambia ulikwenda kumuuliza Mzee Saleh. Yule mzee mwenye lori la Kasaji, ambaye watu wake walitoka Kasongo na Kiswahili chao kimenyooka kama barabara isiyopitiwa na malori. Ulimweleza kwamba mtu alikuwa na binti, binti ametoka bila yeye kujua, hakurudi. Mtu huyo asemeje? Mzee akakupa neno moja. Ukaniletea kama mtu anayeleta yai.

"Alipotewa."

Nilipoteza, nilipotewa. Herufi moja, W, nyembamba kama unywele wako. Kwa upande huu wa herufi, mtu ni muuaji wa mtoto wake. Kwa upande ule, ni baba aliyeamka na kitanda cha mtoto kitupu, akafunga mlango wa mji ili mtoto asizidi kwenda mbali kwenye ukungu, halafu akawa anatafuta kwa taa mbili, yake na ya mtoto, mpaka akasahau kwamba nyuma ya mlango ule ule kuna watu wengine wana njaa. Kila mtu mzima aliyemkuta gizani, mfalme alimwona ni mwizi wa binti yake.

Nikaacha kutupa maganda. Nikakuambia acha upuuzi, umalize kazi. Lakini usiku huo sikulala kwa raha, mama yako ni shahidi, alinipiga kiwiko.

Jumamosi. Ulikuwepo, lakini acha nikusimulie mi, maana mi nasimulia vizuri. Watu walijaa mpaka wengine wanatazamia kwenye tundu la mabati. Mzee Saleh alikaa nyuma na kofia yake safi. Ilunga alikaa mbele kabisa, makusudi. Umeme ulikatika kabla hatujaanza, Nzilo ikalala, tukaunga batri ya lori, na Mzee akasema batri ile ina nguvu ya mchana mmoja tu, si zaidi.

Mara ya kwanza mfalme alinikata kwenye daraja. Ilunga akakohoa. Mara ya pili nilifika karibu na mlango, nikamchoma mara tatu, salle ikasimama, halafu akageuka na lile panga. Mwanzo tena. Taa ya batri ikaanza kuwa nyekundu. Jasho linaingia machoni, vidole vimekuwa ndizi, na mi nikafikiria kiapo changu, na jina la mama yangu, na maisha ya mtu asiye na mdomo katika mji huu.

Nikakupa maneti. Nikasema kwa sauti kubwa, shika kidogo nijifute jasho.

Hukukimbia, hukuchomoa panga. Ulimpeleka mtu wetu taratibu, kichochoro kwa kichochoro, na kila penye kiatu ulisimama kama mfalme anavyosimama. Watu wakaanza kunung'unika. Alipotokea na taa zake mbili, mtu mmoja akalia, piga, piga. Wewe ukabonyeza kitufe kimoja. Mtu wetu akapiga magoti.

Panga likapanda juu. Ilunga akashika benchi kwa mikono miwili.

Panga likashuka taratibu, likawekwa chini. Mfalme akainama, akashusha taa ndogo mpaka usawa wa uso wa mtu wetu, na maneno yakaanza kupita chini ya picha, mengi, haraka. Na wewe, mikono kwenye maneti, ukainamisha mdomo kwenye sikio langu, unanuka karanga, ukaninong'oneza yote. Na mi nikayatoa. Sikubadilisha sauti. Kwa mara ya kwanza niliongea kama mi.

"Nilipotewa na mwanangu. Nikafunga mulango asiende mbali. Nimemutafuta mpaka nimesahau ni ba nani nilifungia ndani. Ukimuona, mupe taa yake."

Akampa mtu wetu taa ndogo. Akakaa chini mbele ya mlango kama mzee aliyechoka kusubiri basi, na mlango wa chuma ukafunguka wenyewe. Jua likaingia. Ukungu ulikwisha kuondoka, sijui miaka mingapi, na hakuna aliyejua kwa sababu mlango ulifungwa.

Mwanangu, nimeona watu wakishangilia kombe. Nimeona watu waliopata mawe ya kijani ya kuwatoa umaskini. Sijaona kama ile. Wamama walilia. Ilunga alinikumbatia, akaniambia kwenye shingo nimemlipa mguu wake. Walininyanyua mabegani, wakanitembeza mtaa mzima mpaka sokoni na kurudi, ngoma ya ndoo mbele, batoto nyuma wanafuta mfalme ukutani na kumchora upya ameshika taa ndogo. Mpaka leo mtaani kwetu, mtu akikuta mzazi anamtafuta mtoto wake, anasema, mupe taa yake. Lugha ya watu hawa ina maneno matatu yaliyotoka salle yangu. Mfalme gani ana hayo? Na kwa sababu ya siku ile, wewe ulikata shauri unataka kuwa mkalimani, na kesho unakwenda, na mi nasimama pale kituoni na kifua mbele kama jogoo wa Kasaji. Nimeshinda, Mujinga. Baba yako ameshinda.

Na jina lako hilo, watu wa mbali wakilicheka, waambie kwetu Mujinga ni mtoto aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingo, akatoka hai. Wewe ulikuja duniani umefungwa, ukajifungua. Wao walifanya nini?

Nasikia sauti yako kwa jirani. Unacheka. Maana yake misuko imefika nyuma ya sikio na imebaki kidogo.

Nimemfikiria mfalme yule miaka minne, peke yangu, kwa sababu hunisaidii tena. Kwa nini hakuwaambia watu wake? Angesimama mlangoni aseme, jamani, nimepotewa na mtoto, nisaidieni kutafuta. Wangetafuta wote, hata wachawi. Mi nadhani najua. Aliona aibu. Mfalme mzima ashindwe kumchunga mtoto mmoja? Aliona heri aitwe mbaya kuliko aitwe aliyeshindwa. Mtu mbaya bado ni mkubwa. Hili halikuandikwa chini ya picha, hili nimelifasiri mi mwenyewe bila mtu kwenye sikio, na naliamini kuliko yote.

Sasa, siku ile, mabegani mwa watu. Tulikuwa tumerudi mbele ya salle. Mzee Saleh akanyanyua mkono, watu wakanyamaza, akaniuliza mbele yao wote kwa upole wake: "Tata Mujinga, na lile neno, ulilipata wapi?" Alijua. Alikuwa ananifungulia mlango tu, nipite. Wewe ulikuwa umesimama pale chini, maneti bado mkononi, unanitazama, na uso haukukunjwa.

Na mi nikasema, "Mi njo nilijua tangu mwanzo. Nilibaficha tu. Mutoto nilimwambia apige magoti, akapiga."

Watu wakashangilia tena. Nilipotazama chini, maneti ilikuwa juu ya kidumu cha njano, na wewe hukuwepo. Jumatatu nikakuuliza neno dogo, *lueur*, mwanga mdogo, neno la taa ile ile, unalolijua kuliko jina langu. Ukasema, "Sijue, Tata."

Yule mfalme alipotewa na binti yake. Mi nilikupoteza. Nimelisoma neno langu mara mbili, Mujinga, na W haimo.